Hewa Iliyozolewa Ilalabwe

Ilalabwe mwanamke aliyefiwa hainuki mkekani mpaka mwili utoke ndani ya nyumba. Wanaume watakaa nje kwenye viti na mabenchi, watabishana siasa, watapanga habari za kaburi, hayo ni yao. Wanawake ni sakafuni, na maiti wao katikati, na ukibanwa na haja utatoka umeinama na kurudi umeinama. Ndivyo walivyozikana tangu kabla ya kiwanda, na kiwanda kilipokuja na mabomba yake na wataalamu wake waliovaa tai milimani, hakikugusa jambo hilo. Nani angeligusa? Hata mimi ninayesimulia nisingethubutu.

Siku ile Gwantwa peke yake ndiye aliyeinuka, na ndiyo sababu yu hai.

Marehemu alikuwa bibi yake, mama mzazi wa baba yake. Gwantwa ndiye aliyerithi jina la bibi huyo, kwa hiyo tangu akiwa ananyonya baba yake, Mzee Asajile, alimwita "mama" na hakuwahi kumwita vingine. Bibi alikuwa amelazwa katikati ya chumba, shuka jeupe mpaka kidevuni. Wanawake wa ukoo walikuwa wamemzunguka, wengine wamekaa, wengine wamejilaza kwa uchovu wa kukesha. Saa nane mchana simu ikatetemeka ndani ya khanga ya Gwantwa. Mama yake, Tumpe, aliyekuwa ameketi naye bega kwa bega, akamkata jicho.

"Zima hicho kitu."

"Ni kazini, mama."

"Na hapa ni wapi?"

Aliyepiga ni Ambakisye, fundi wa zamu, na Ambakisye si mtu wa kupiga simu msibani bila sababu. Mke wake mwenyewe alikuwa mle chumbani, pembeni karibu na ukuta, anamfutia mtoto wa jirani makamasi kabla ya kumtoa nje akacheze na wenzake. Ambakisye alizungumza kwa sauti ya chini. "Dada, pole sana. Kipoozeo cha tangi kubwa kimezima, na kile cha akiba hakiwaki. Presha inapanda. Meneja yuko safarini, na mlango wa chini wa tangi haufunguki bila kidole chako."

Gwantwa akafunga simu. "Mama, inabidi niende. Nikikaa hapa chachu itakufa."

"Bibi yako ameshakufa," Tumpe akasema.

Mashangazi wakaguna. Mmoja akasema kwamba watoto wa siku hizi wameolewa na mashine, na mwingine akamwambia anyamaze, hapa si mahali pake. Tumpe alikuwa ameukamata upindo wa khanga ya binti yake, ameukunja kiganjani. Alimtazama marehemu mkwe wake, akamtazama binti, kisha akauachia.

"Nenda. Lakini usisimame humu ndani. Tambaa mpaka mlangoni, watu wasije wakasema sikukulea."

Basi Gwantwa akatambaa. Mtu mzima, mkuu wa zamu zote za kiwanda, akapita kwa magoti katikati ya shangazi zake mpaka kizingitini, akasimama nje, akakimbia.

* * *

Ardhi ya Ilalabwe inapumua. Milima ile ilikuwa ya moto zamani, na moto ulipolala uliacha nyufa, na kwenye nyufa inatoka hewa ukaa usiku na mchana. Ndiyo hewa ile ile ambayo dunia nzima inaishtaki kwa kuharibu misimu. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inashuka na kujaa penye bonde kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Wazee walikuwa wakikuta kuku wamekufa mashimoni asubuhi, na mwenye kuku amesimama pale pale hana habari, kwa kuwa pua yake iko juu.

Kiwanda kilikuja kuifanya hewa hiyo mali. Ndani ya mapipa yake marefu ya kioo kinaishi kitu ambacho wataalamu wana jina lake refu, lakini wenyeji, ambao pombe wanaijua, walikiita chachu, na jina likakaa. Chachu inakula hewa ukaa. Unaipa na haidrojeni, ambayo wanaitenga kwa umeme kutoka kwenye maji ya mto, na unailinda isipatwe na baridi wala joto kali. Ikishiba inaacha plastiki. Walianza na mabomba na ndoo. Halafu ikaja ile miaka ya vumbi, nchi nzima ikakohoa, na watu wengi wakabaki na mapafu yaliyoganda. Hapo ndipo chachu ya Ilalabwe ilipoonyesha ubingwa wake, maana ilijua kutengeneza utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Damu inapita upande huu, hewa safi upande ule, na pumzi inavuka. Utando unafungwa ndani ya mashine inayokaa kando ya kitanda, watu wakaiita pafu la pembeni. Tatizo ni kwamba utando unaziba baada ya mwezi, na usipobadilishwa mgonjwa anakufa. Hakuna chachu nyingine kama ile popote. Walijaribu kuiotesha kwingine, ikakataa.

Ndiyo maana Gwantwa alikimbia.

Alimkuta Ambakisye amelowa jasho mbele ya saa za presha. Tangi, lililohifadhi hewa ukaa iliyogeuzwa maji kwa baridi, lilikuwa na njia mbili za kuipunguza. Ya juu ilipitia mnarani, lakini bomba lake lilipita kati ya mapipa ya chachu, na hewa ile ikitoka kwa kasi inageuka barafu. Kuifungua ni kuigandisha chachu yote. Ya chini ilimwaga bondeni, kijijini. Wataalamu walikuwa wamelifikiria hilo. Kila nyumba ya Ilalabwe ilijengewa ulingo nje, jukwaa la mbao lenye ngazi, refu kuliko mtu mrefu aliyenyoosha mikono. King'ora kikilia, watu wanapanda, hewa inapita chini yao, na baada ya nusu saa mafeni ya kiwanda yanaizoa yote na kuirudisha. Ulingo ukikanyagwa, taa yake inawaka kijani kwenye ubao wa kiwandani. Taa zote zikiwa kijani, mkuu wa zamu anaruhusiwa kuweka kidole. Walikuwa wamefanya mazoezi mara nyingi, na watoto walipenda.

Ila hawakuwahi kufanya mazoezi siku ya msiba.

Gwantwa alibonyeza king'ora, akasimama mbele ya ubao. Taa zikaanza kuwaka, upande wa sokoni, upande wa kanisani. Ya nyumbani kwao iliwaka mapema kabisa, na moyo wake ukatulia.

"Wamepanda," Ambakisye akasema, na yeye akashusha pumzi, kwa sababu ya mkewe.

Mshale wa presha ulikuwa umeingia kwenye wekundu. Alingoja taa ya mwisho kabisa, ya kibanda cha mlinzi wa shule. Ilipowaka akaweka kidole.

Taa ilikuwa inajua kwamba ulingo umekanyagwa. Haikujua umekanyagwa na nani.

* * *

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakuyaona mafeni ya Ilalabwe. Nusu saa haikuisha, bonde likawa safi, hewa yote imerudi kiwandani kwa mabomba ya chini, imechujwa, imeingia mapipani. Hakuna aliyeamuru, mitambo ilikuwa imepangwa hivyo. Chachu, ambayo haijui msiba wala harusi, ikala.

Na wanaume wa nyumba ya Mzee Asajile wakashuka ulingoni, wakapiga hodi, wakaingia.

Sitaki kukaa sana kwenye chumba kile. Watoto walikuwa hai, kwa kuwa walikuwa wanacheza uani na walipanda na baba zao. Wanawake wote waliokuwa ndani walikuwa pale pale walipokuwa, na aliyekuwa amejilaza amejilaza, na waliokuwa wameketi wameegemeana. Tumpe alikuwa ameinamisha kichwa kifuani kwa mkwe wake. Mtu asiyejua angedhani chumba kizima kimepitiwa na usingizi.

Gwantwa alifika akiwa bado na furaha ya mtu aliyeokoa kitu. Alikuta watu mlangoni. Hakuna aliyemzuia kuingia na hakuna aliyemwambia aingie. Alipotoka alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa chini kwenye majani ya migomba, akalia mpaka sauti ikakauka. Hakuna mwanamke wa ukoo aliyekuja kumshika, maana wanawake wa ukoo walikuwa ndani.

* * *

Waliwazika siku mbili mfululizo, kwa sababu mikono ya kuchimba ilikuwa michache. Serikali ikaleta tume. Tume ikafunga uzalishaji mpaka ukweli ujulikane, chachu ipewe chakula cha kuishi tu, na bidhaa zilizokwisha kutengenezwa zitoke kwa idhini ya mkuu wa zamu. Meneja hakurudi kutoka safarini. Gwantwa alihojiwa asubuhi nzima, wakamwambia kwamba amefuata utaratibu. Alitamani wamwambie kingine.

Hakufukuzwa nyumbani. Ila hakuwa na pa kukaa. Kwa wanaume haendi, na mkeka ulikuwa umejaa wanawake wa vijiji vya jirani waliokuja kusaidia kupika, ambao walimpisha kwa heshima mno kila alipokaribia, mpaka akaacha kukaribia. Akahamia stoo ya kiwanda.

Huko ndiko baba yake alikomfuata, jioni moja jua likiwa bado lipo. Mzee Asajile alikuwa amekonda. Alisimama kati ya marafu, akayatazama maboksi meupe yaliyopangwa upande wa dirisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akayaonyesha maboksi kwa kidevu. "Ambakisye ananiambia mzigo huu ndio uliotoka mapipani baada ya siku ile."

"Ndio, baba. Ndio mzigo wa mwisho."

"Niambie kitu kimoja. Ile hewa mliyoizoa, si iliingia na pale chumbani kwetu?"

"Iliingia."

"Na mtu akipumua, anatoa nini?"

Gwantwa alijua mazungumzo yanakwenda wapi, akatamani wangekuwa wanazungumza habari ya mvua. "Anatoa hewa hii hii, baba. Chakula alichokula kinaungua mwilini, kinatoka kwa pumzi. Hewa ukaa ya mtu na ya ardhini hazina tofauti."

"Kwa hiyo pumzi ya mwisho ya mama yako iliingia kwenye mafeni yenu. Ikaliwa na hiyo chachu. Ikawa hivi vitu."

"Pamoja na hewa nyingi mno, baba. Ni kama kumwaga kijiko cha chumvi mtoni."

"Sikukuuliza ni kiasi gani. Imo au haimo?"

Angeweza kudanganya. Elimu ingemsaidia kudanganya vizuri, kwa maneno marefu. Lakini alikuwa baba yake.

"Imo."

Mzee Asajile akaweka kiganja juu ya boksi la juu, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Basi tuwapeleke kwao. Sisi hatuzikani nusu, unajua. Kaka yangu alipofia mgodini wakaleta mwili bila kiatu, baba alirudi kutafuta kiatu. Ukoo umekubaliana. Jumamosi tunafungua kaburi dogo kando ya mama yako, tunaweka yote haya, tunamaliza. Watu hawalali, mama. Wanasema wanawasikia wanatafuta pumzi zao."

"Baba, hospitalini kuna watu..."

"Ngoja, sijamaliza." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "King'ora kilipolia tulipanda sisi wanaume. Nikaita, akina mama, king'ora hicho. Mama yako akajibu kutoka ndani, 'Tumwache na nani?' Wengine walishaanza kuinuka. Nikawaambia kaeni. Nikasema ni mazoezi tu, Gwantwa ndiye aliyeko huko, na Gwantwa hawezi kufungua mlango ule wakati bibi yake bado yumo ndani. Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu."

Gwantwa alimfikiria mama yake anasikia maneno hayo na kuyaamini, anajikalisha vizuri na kuwaambia wenzake watulie, maana baba Gwantwa ameshasema.

"Nina hasira na wewe," mzee akasema. "Sikufichi. Nikikuona nakiona kidole chako. Halafu nikigeuka najiona mimi. Sina pa kuangalia. Nisaidie tuwazike watimie, labda Mungu atanipa pa kuangalia."

Akainuka, akaondoka. Gwantwa hakuwa ameahidi, na hakuwa amekataa.

* * *

Sista Nyamizi alikuwa muuguzi wa wodi ya mapafu, hospitali ya mkoa, mwanamke wa Tabora mwenye sauti ya taratibu. Alipiga simu kesho yake.

"Dada Gwantwa, poleni sana na msiba. Nimechelewa kukupigia kwa sababu naona aibu. Mtu anakuja kwako umefiwa, na anakuja kuomba."

"Omba tu, sista."

"Tando nilizo nazo zitatosha mpaka Ijumaa tu. Zingine nimeshazisukuma siku mbili zaidi ya muda wake, damu inaanza kuganda. Nimeuliza kila mahali. Wananiambia kiwanda kimefungwa lakini kuna mzigo stoo."

"Upo."

"Basi?"

Kwenye simu Gwantwa alisikia mashine za wodi zikivuma.

"Hapa kuna mama mmoja, kitanda cha dirishani," Sista Nyamizi akaendelea. "Kila gari likipiga honi getini ananiuliza kama ni la Ilalabwe. Mimi sina shida ya kumwambia mgonjwa ukweli, ndiyo kazi yangu. Ila ukweli wenyewe siujui. Nimwambie nini?"

"Ukikosa mzigo huu, wangapi watabaki?"

"Wenye mapafu yanayojaribu jaribu, wawili, watatu. Wengine hapana."

"Nipe leo, sista."

"Nakupa. Lakini mimi sina siku nyingine ya kuwapa wao."

Alipokata simu, Gwantwa alikaa chini kati ya yale maboksi. Ukweli ni kwamba hata yeye alitaka kuyazika. Watu hawalisemi hili wanapomsimulia, wanamfanya kama mtu wa chuma. Alitaka kuliko wote. Pumzi ya mwisho ya mama yake ilikuwa pale, imeshikika, ina umbo, na ni nani duniani amewahi kupewa kitu kama hicho? Alifungua boksi moja. Akatoa utando ndani ya mfuko wake, mwepesi, unang'aa kidogo kwenye mwanga. Akaubana shavuni. Haukuwa na joto wala harufu. Akasema, "Mama." Akaurudisha kabla machozi hayajauchafua.

Hata hivyo maiti haifi mara mbili, na wale wa wodini walikuwa bado wanaulizia gari.

Akaamua kumwambia baba yake. Aliondoka mchana kweupe kwenda kumwambia. Alifika kwenye ua wa nyumbani akasimama nyuma ya migomba, kwa sababu alimsikia mzee anaimba. Alikuwa anachimba lile kaburi dogo mwenyewe, amekataa kusaidiwa, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbovu. Mwanamke mmoja wa jirani akampelekea sahani ya ndizi na maharage. Gwantwa alikuwa amesikia kwamba tangu mazishi baba yake hajatia kitu mdomoni zaidi ya chai. Mzee akaweka jembe chini, akanawa, akala. Akala zote, akaomba nyingine.

Jamani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi sijui, na mwenye jibu jepesi hajafiwa bado. Gwantwa aligeuka akarudi kiwandani.

* * *

Nyuma ya stoo kulikuwa na tando mbovu za mwaka uliopita, zilizotoboka matundu madogo, zinangoja kuyeyushwa. Zilikuwa kwenye maboksi yale yale meupe. Asubuhi ya Alhamisi Gwantwa alianza kuzihamisha, na alikuwa amefika nusu Ambakisye alipoingia. Ambakisye alikuwa amemzika mke wake siku moja na Tumpe. Alivaa shati lisilopigwa pasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini.

Akatazama maboksi mabovu yaliyopangwa upande wa dirisha. Akatazama maboksi mazima yaliyopangwa karibu na mlango wa gari.

"Haya ndiyo ya Jumamosi?" akauliza, akionyesha mabovu.

Gwantwa akainua boksi jingine.

Ambakisye akakaa muda mrefu amemtazama, na Gwantwa akasubiri akimbie kijijini kupiga yowe, na asingemlaumu. Baadaye yule bwana akavuta mkokoteni.

"Mke wangu alikuwa mtu wa huruma," akasema. "Au labda nasema hivyo kwa kuwa amekufa. Tulikuwa tunagombana kila wiki." Akabeba boksi la kwanza, akaliweka mkokotenini taratibu sana, akalifunika na koti lake. "Gari nitaendesha mimi. Wewe ukionekana barabarani wataulizana."

Ijumaa, Sista Nyamizi akapiga. Mzigo umefika wote. Yule mama wa dirishani amewekewa wa kwanza, amepata rangi, ameomba uji. Alitaka kujua amshukuru nani kwa jina. Gwantwa akamwambia hakuna wa kushukuriwa, akakata simu, akaenda kufua khanga nyeusi kwa ajili ya Jumamosi.

* * *

Ilalabwe nzima ilikuja. Wanaume walibeba maboksi kutoka kiwandani mpaka makaburini, kila boksi mabegani mwa wawili ingawa mtoto angelibeba peke yake, na hawakuyatua hata mara moja njiani. Mchungaji alisoma. Ambakisye alikuwa kati ya wabebaji, na boksi lake lilipoingia kaburini alipiga magoti na kulia kwa kwikwi mpaka watu wakamshika. Gwantwa alimtazama. Hakuweza kujua analia kweli au anaigiza kwa ajili yake, na baada ya muda akaona ni ujinga kujiuliza.

Udongo ulipoanza kumwagwa, Mzee Asajile akainua mkono, watu wakanyamaza. Hakuwa msemaji. Alishika fimbo kwa mikono miwili.

"Mnajua nilichosema siku ile juu ya ulingo. Na mnajua nilivyokaa na binti yangu tangu siku ile, sijala naye, sijamwangalia usoni. Wengine mlinishauri nimwachie laana." Akaelekeza fimbo kaburini. "Leo ametuletea watu wetu. Angeweza kuuza vitu hivi. Kazini kwake wangeweza kumfukuza kwa hili. Ametuletea. Mbele yenu nasema nimemsamehe. Na kwa sababu yake, na mimi nimejisamehe."

Wanawake wakaitikia. Mmoja wa wale waliokuwa wakimpisha Gwantwa kwa heshima mno alikuja akamshika mkono, mkono wa kwanza kumshika tangu msiba, akamvuta mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Muage mama yako," baba yake akasema. "Hukumuaga."

Gwantwa alipiga magoti. Humo chini kulikuwa na plastiki mbovu ya hewa ya mwaka jana, hewa ambayo haikujua chochote, ya siku ambazo Tumpe alikuwa sokoni anauza ndizi na kupunja watu mizani huku anacheka. Tumpe mwenyewe, hicho kidogo kilichobaki duniani, alikuwa mbali, kati ya damu ya mwanamke asiyemjua na hewa ya dirishani. Gwantwa alikuwa amempeleka huko kwa mikono yake. Hakumuaga wakati anampeleka, maana alikuwa na haraka.

Watu wakamngojea. Akachukua udongo. "Lala salama, mama," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka nyuma, na watu wote wakalia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Njia ile aliijua pale pale kwamba ni ndefu kuliko umri wake, na kwamba ataipita na baba yake amemshika mkono, anamshukuru, kila siku ya Mungu.

Kaburi likafunikwa. Mzee Asajile akaligonga kwa nyuma ya jembe mpaka likawa sawa, akafuta jasho. Uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa mdogo, uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akamwegemea binti yake ili ainuke, akasimama naye wakitazama vile vichuguu vya udongo mbichi, kimoja baada ya kingine.

"Sasa wametimia," akasema. "Sivyo, mama?"

"Wametimia, baba," Gwantwa akajibu.